Mabati Hayaachi Magofu

Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, saa mbili na robo asubuhi, tingatinga la rangi ya manjano liligusa ukuta wa mashariki wa Kanisa la Mlima wa Agano, mtaani Soweto West, na ukuta ukalala. Amri ya serikali ilikuwa imetoka baada ya mafuriko kwamba majengo yote yaliyo kando ya kijito yaondolewe. Waumini walikuwa wametoa mapema viti, bendera, ngoma tatu na msalaba wa juu ya paa. Mabati hawakuyatoa, kwa sababu Mzee Wanzala, kiongozi wao, alisema kwamba anayeng'oa mabati ya kanisa kwa mkono wake mwenyewe amekubaliana na adui.

Kwa hiyo mabati yaling'olewa na wengine. Hadi adhuhuri yalikuwa yamebebwa na watu ambao hakuna muumini aliyewajua. Nguzo zikafuata, kisha misumari, ambayo mwanamke mmoja aliikusanya kwa sumaku. Jioni palibaki mashimo ya nguzo yaliyojaa maji. Mtu aliyepita hapo siku iliyofuata asingeweza kusema kama pale palikuwa na kanisa, bucha au choo.

Miezi minane kabla ya siku hiyo, Phanuel Shivachi alikuwa amechora kanisa hilohilo likiwa limeanguka.

Phanuel alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa mwana pekee wa Phanice, mpiga ngoma mkuu wa kanisa hilo, na waliishi pamoja katika chumba kimoja, mwendo mfupi kutoka kanisani. Kazi yake ilikuwa kuchapa picha kwa ubao. Alichonga ubao kwa patasi, akapaka wino kwa rola, akalaza karatasi juu yake na kukandamiza. Palipochongwa hubaki peupe. Pasipochongwa hutoka peusi. Kazi yenyewe haina kanuni nyingine kubwa zaidi ya hiyo, isipokuwa kwamba kilichoondolewa kwenye ubao hakirudi.

Alifanyia kazi Kawangware, upande unaopakana na Riruta, katika karakana ya Wakarima. Huyu alikuwa mwalimu wa sanaa aliyestaafu, akakodi chumba kirefu nyuma ya duka la chakula cha mifugo na kuweka humo mashine ya chuma ya kuchapia, meza tatu na vitabu vyake. Kimoja kati ya vitabu hivyo kilikuwa cha picha za kale zilizochapwa Ulaya, na nusu nzima ya kitabu ilikuwa mahekalu yaliyobomoka: nguzo za mawe zisizobeba paa, vichwa vya nguzo vilivyolala ardhini, majani yaliyoota juu ya kuta. Septemba ya 2023 Wakarima alikifungua mbele ya Phanuel na kumwonyesha ukurasa mmoja.

"Angalia nyasi zimeota wapi," alisema. "Juu kabisa. Mchoraji angeweza kuziacha, na amezichora moja moja. Nguzo inakuambia hawa watu walikuwa na nguvu. Nyasi inakuambia nguvu iliisha. Yote mawili kwa picha moja. Ndiyo maana wachapaji hawakuchoka na magofu."

"Na hawa wa chini?" Phanuel aliuliza. Chini ya nguzo palikuwa na watu wadogo wawili na mbuzi.

"Wachungaji. Hata hawajui ilikuwa nyumba ya mungu gani. Wanatafuta kivuli."

"Sisi yetu ikianguka hakuna kivuli."

"Yenu gani?"

"Kanisa. Ni mabati, mwalimu. Mabati hayaachi magofu. Inabebwa siku hiyohiyo."

"Basi wachongee magofu," Wakarima alisema.

Hayo ni maneno yake kwa mujibu wa Phanuel. Wakarima mwenyewe anasema hakumbuki kuyasema, ila hakatai kwamba angeweza kuyasema.

Ubao aliotumia ulikuwa wa mvule, uliotoka upande wa mbele wa mimbari ya zamani ya kanisa. Mwaka uliotangulia waumini walikuwa wamenunua mimbari ya chuma, na Mzee Wanzala akampa Phanuel ubao huo kwa mkono wake. "Chukua," alimwambia, "usije ukasema kanisa halijakupa kitu." Phanuel alichonga juu yake nguzo sita za mawe, mahali palepale ambapo kanisa lilikuwa na nguzo sita za miti. Mbili kati yake alizivunjia katikati. Chini aliweka majani, nyota ya kanisa kwenye jiwe lililoanguka, na ngoma. Nyuma aliacha mbingu nyeusi. Mlango ulitazama kijito, na mbele yake palikuwa na kidato kimoja cha ngazi chenye ufa, kama kilivyokuwa. Mtu yeyote aliyesali pale angelijua kanisa lake.

Alichapa nakala chache. Moja alimpa mama yake, naye akaitundika juu ya kitanda.

"Hii nyumba ya mawe ni ya nani?" Phanice aliuliza.

"Ni yenu."

"Nani alitujengea mawe?"

"Mimi."

"Na umejenga ukabomoa? Si ungeacha tu, baba."

"Nyumba ya mawe ikiwa nzima ni nyumba tu, mama. Ikivunjika hivi ndiyo watu wanajua imekaa siku nyingi, na ilikuwa ya maana."

Phanice alitazama tena. "Wewe na watu wako wa Kawangware," alisema. "Angalau ngoma umeacha."

Juma moja baada ya tingatinga kupita, Wakarima aliweka picha hiyo mtandaoni, na chini yake akaandika: Msanii aliyeona kabla. Alikusudia kumsifu. Siku chache baadaye picha ilifika kwenye simu ya Jentrix, kiongozi wa waimbaji wa Mlima wa Agano na rafiki wa Phanice kwa miaka mingi. Jentrix aliipeleka simu kwa Mzee Wanzala. Mzee aliishika mbali na macho, kisha karibu, kisha akauliza jambo moja tu: hiyo tarehe iliyoandikwa kwa penseli chini ya picha ni ya lini. Phanuel, kama wachapaji wote, alikuwa ameandika mwezi na mwaka.

Kanisa hilo lina mafundisho yake kuhusu jambo kama hilo, na waumini huyafuata bila mjadala. Hawachimbi kaburi mgonjwa akiwa hai, hata daktari akisema nini. Hawasemi "nyumba ikiungua" wala "mtoto akifa." Jambo likipewa umbo, kwa kinywa au kwa mkono, limefunguliwa njia. Phanuel alikuwa amelipa umbo anguko la kanisa, na alikuwa amelichonga kwenye ubao ambao Neno lilihubiriwa juu yake. Jumapili iliyofuata Mzee Wanzala alitangaza kwamba nyumba ya Phanice iko nje ya kamba.

Kamba yenyewe ni kamba ya katani. Waumini wanaposali nje, huifunga kwenye vigingi kuzunguka mahali pa ibada. Anayeingia ndani yake huvua viatu, na ndani yake tu ndipo ngoma hupigwa. Tangu kanisa libomolewe walikuwa wakisali kwenye uwanja mdogo mtaani Sarang'ombe, kando ya ukuta wa shule, na kanisa lote lilikuwa ni ile kamba.

Kwa Phanuel mwenyewe hukumu hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Alikuwa akienda ibadani Krismasi na Pasaka. Kwa mama yake ilikuwa jambo jingine. Phanice alikuwa na saratani ya koo, na mwezi wa Aprili madaktari walimwambia Phanuel ampeleke nyumbani, ampe uji, na ampe dawa ya maumivu. Phanice alilipokea hilo kwa utulivu kuliko mwanawe. Alitaka kitu kimoja. Kanisa lake huwasindikiza wanaokufa: mgonjwa huletwa ndani ya kamba akiwa bado anapumua, miguu mitupu, ngoma tatu zikapigwa na watu wakaimba hadi wachoke, na akishafariki waumini humvika kanzu nyeupe na kwenda naye hadi kaburini. Kusindikiza huko wanakuita kumtoa mtu. Kwa miaka ishirini na miwili ngoma kubwa katika kutoa watu ilikuwa ya Phanice.

"Nimetoa wengi," alimwambia mwanawe. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono. "Mimi nitatolewa na nani?"

Mwishoni mwa Juni Phanuel alienda kwa Mzee Wanzala, Sarang'ombe. Wanzala alikuwa fundi wa mawe. Alikuwa amejenga nyumba za matajiri katika mitaa ya Lavington na Karen kwa miaka arobaini. Walikaa nje, mlangoni.

"Nimekuja juu ya mama," Phanuel alisema.

"Najua umekuja juu ya mama. Kama si mama ungekuja?"

"Nikichoma ubao, Mzee, itatosha? Na karatasi zote nichome."

"Ukichoma umemaliza ushahidi. Jambo liko palepale."

"Sikuwalaani. Nilitaka ionekane kubwa. Hekalu za zamani huchorwa hivyo, ni heshima."

"Heshima." Mzee alilitamka neno hilo taratibu. "Nikikuchorea mama yako amelala kwa jeneza la dhahabu, utaniambia asante?"

Jentrix, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, aliinua kichwa. "Mzee, sema naye vizuri. Mama Phanu ameisha."

Mzee alimgeukia Phanuel, akasema: "Ule ubao ni wa mimbari. Penye ulibomolea, hapo ndipo utajengea. Rudisha kanisa juu yake, lote, ukuta na paa. Halafu uje utuchapie mbele yetu, kila mtu aone likitoka. Likitoka zima, mama yako anaingia siku hiyo."

"Ubao ukishachongwa haurudi. Wacha nichonge mwingine, mpya, nitaweka hata—"

"Mwingine ni mwingine. Wewe si fundi? Ukuta ukitoboka unafanya nini?"

"Unaziba."

"Basi."

Wakarima alikuwa ameshaiondoa picha mtandaoni, ingawa wakati huo ilikuwa imesambazwa na watu wasiohesabika. Aliposikia sharti la Mzee alisema mara moja: "Kata ubao mwingine wa mvule, kipimo hichohicho. Upake moshi. Nani atajua?"

"Mzee ndiye aliupiga randa mimbari ikitengenezwa. Anajua kila fundo."

"Macho ya mzee wa miaka sabini, Phanuel."

"Na mama ataniuliza."

"Mdanganye."

"Hajawahi kuniuliza kitu nikamdanganya akakosa kujua," Phanuel alisema. "Sianzi saa hii."

Alibeba ubao hadi kwa Kavoi, fundi wa bodi za magari aliyekuwa na nafasi yake Kawangware, karibu na kituo cha magari kiitwacho Arobaini na Sita. Kavoi alikuwa akinyoosha mlango wa gari kwa nyundo ya mpira.

"Niaje msanii. Umeniletea mlango wa Probox?"

"Ni ubao."

"Naona ni ubao. Nauliza uligongana na nani." Kavoi alicheka peke yake, kisha akapitisha kidole kwenye mitaro ya zile nguzo. "Aii. Huu uliumwa na panya za Kitui. Unataka tufanye nini?"

"Uzibe zote. Iwe flati kama haijawahi kuguswa. Nataka kuchonga juu yake tena."

"Fila itakamata. Msee, mimi nimefanya gari ilipinduka huko barabara ya Salama ikalala kwa mtaro wiki mzima. Mwenyewe alikuja kuichukua akakataa, akaniambia hii si yangu, nipatie yangu."

Fila ni ule uji wa kijivu ambao mafundi wa magari huchanganya na dawa ya kuukausha na kuzibia mabonde kwenye bodi. Hukauka upesi na kuwa mgumu kama jiwe. Kavoi aliusukuma ndani ya kila mtaro kwa kipande cha plastiki, akausubiri ukauke, akaupiga msasa mnene, kisha mwembamba, kisha wa maji. Alipomaliza, ubao ulikuwa laini kila mahali. Rangi tu ndiyo iliyotofautiana: kahawia ya mvule, na ndani yake nguzo sita za kijivu.

"Hizo usijali," Kavoi alisema. "Rangi itafunika."

Kwa gari alikuwa sahihi. Gari hupakwa rangi, nayo hubaki juu na kuficha kilicho chini. Ubao wa kuchapia haufunikwi na chochote: wino huchukuliwa na karatasi, na karatasi huonyesha jinsi uso wa ubao ulivyo. Phanuel alilijua hilo vizuri kuliko Kavoi. Alitumaini kwamba uso mmoja utakuwa na tabia moja.

Alichonga kwa siku tisa. Alichonga paa lenye mteremko, msalaba, madirisha mawili, mlango unaotazama kijito, na kwenye ukuta mistari myembamba ya mikunjo ya mabati, iliyopita juu ya mvule na juu ya fila bila kukatika. Fila ilikuwa ikimomonyoka chini ya patasi, kwa hiyo alilazimika kwenda polepole. Ijumaa, tarehe 12 Julai, alipitisha ubao kwenye mashine ya Wakarima na kuinua karatasi. Kanisa lilitoka zima. Wakarima alilipitia kwa kioo cha kukuzia, kona kwa kona.

"Imefunika," alisema. "Lakini hii mashine inakandamiza hadi uongo unanyooka. Kule utatumia nini?"

"Kijiko."

"Mgongo wa kijiko, kwa baridi hii, nje." Alikuna ukingo wa ubao kwa kucha. "Mbao inavimba. Fila haivimbi, na ikiendelea kukauka inanywea. Tuuache ukae nje siku mbili, tuchape kwa mkono, tuone. Ikibidi Kavoi aongeze."

"Siku mbili sina. Jana mama hakumeza hata uji."

Wakarima alirudisha kioo mezani.

Jumapili ilipambazuka kwa manyunyu na baridi ya Julai. Phanuel aliufunga ubao kwa gunia na kuubeba hadi Sarang'ombe. Vijana wawili wa jirani walimbeba Phanice kwenye kiti cha plastiki, wamemfunika blanketi. Waumini walikuwa ndani ya kamba, kanzu nyeupe, miguu mitupu kwenye tope. Ngoma tatu zilikuwa zimewekwa kimya. Mzee Wanzala aliagiza meza iwekwe nje ya kamba, na kiti cha Phanice kando ya meza, hatua moja kutoka ndani.

Jentrix alitoka, akapiga magoti mbele ya kiti na kuanza kufungua viatu vyake.

"Mama Phanu, tuvue mapema. Leo unaingia."

"Pole pole," Phanice alinong'ona. "Hiyo miguu imebaki mifupa. Msije mkaifanya supu."

Jentrix alicheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Alivipanga viatu chini ya kiti, akaifunika miguu kwa pindo la blanketi.

Phanuel alifungua wino. Ulikuwa mzito kwa baridi, na rola ilipopita juu yake ilitoa sauti ya kunatanata. Alipaka ubao mara kadhaa hadi ukang'aa kila mahali kwa usawa. Alilaza karatasi, akaanza kuisugua kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda pembeni, bila haraka. Waumini walisogea hadi kwenye kamba. Hakuna aliyeivuka. Alipomaliza alishika kona mbili za karatasi, akaiinua na kuigeuza.

Paa lilikuwa limetoka safi. Msalaba, mlango, madirisha, vyote vilikuwa mahali pake. Ndani ya ukuta, nyuma ya mistari ya mabati, palikuwa na maumbo sita marefu ya rangi ya kijivu. Mawili yalikuwa yamekatika katikati.

Waliokuwa mbele waliinama juu ya kamba kutazama. Kisha Jentrix akasema, "Zimerudi."

"Ni fila," Phanuel alisema. "Imenywea kidogo, na mbao imevimba kwa hii mvua. Wino haujafika chini. Si kitu kingine. Ngojeni niongeze."

Aliongeza wino. Hilo lilikuwa kosa, na alilijua kabla ya kuinua karatasi ya pili. Wino mwingi uliziba mistari myembamba ya mabati, ukuta ukawa mweusi mtupu, na kwa sababu ukuta ulikuwa mweusi zaidi nguzo zilionekana wazi zaidi. Sasa aliyesimama mbali pia aliziona. Mwanaume mmoja nyuma alianza kusali kwa sauti. Mwingine akasema, "Ameificha ndani ya ukuta. Mnaona? Ameificha ndani."

Mzee Wanzala alitoka nje ya kamba. Hakuitazama karatasi. Alipitisha kidole gumba juu ya ubao, kama fundi anavyopima kiungo cha mawe, na kikazama mara sita. Kidole kilirudi cheusi.

"Umeziba," alisema. "Hujajenga."

Waliokuwa karibu wanakubaliana kwamba hakusema kwa hasira. Phanuel alieleza tena kuhusu unyevu, kuhusu mashine na kijiko, kwamba Ijumaa ilitoka nzima na karatasi ya Ijumaa iko Kawangware, anaweza kuileta. Kila alichosema kilikuwa kweli. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Tulisema itoke mbele yetu," alisema. "Imetoka mbele yetu."

Hapo ndipo Phanice alipozungumza. Ilibidi Jentrix ainame karibu na mdomo wake na kurudia maneno kwa sauti.

"Anasema, Wanzala, Rosa wako nilimtoa mimi."

Rosa alikuwa mke wa Mzee, aliyefariki mwaka wa 2016.

"Najua, mama," Mzee alisema.

"Anasema, hadi ngozi ya ngoma ikapasuka."

"Najua."

Mzee aligeuka, akawatazama waumini kwa zamu, kama mtu anayetafuta mmoja atakayesema kinyume chake. Walikuwa wakitazama miguu yao. Alirudi ndani ya kamba, akasimama mahali pake na kuagiza ibada ianze.

Jentrix alipiga magoti tena. Alimvisha Phanice viatu, akakosea mguu, akavivua na kumvisha upya. Vijana wawili waliinua kiti. Walipofika kwenye kona ya ukuta wa shule ngoma zilianza, kubwa ikipigwa na kijana aliyefundishwa na Phanice mwenyewe, na Phanice alinyanyua mkono mmoja kutoka kwenye blanketi. Aliyebeba upande wa kushoto anasema alikuwa akihesabu mapigo. Aliyebeba upande wa kulia anasema alikuwa anataka wasimame. Hawakusimama.

Phanuel aliondoka na karatasi mbili. Ubao ulibaki mezani, na hakuna anayekiri kuuchukua.

Phanice alifariki Jumatano, tarehe 17 Julai, asubuhi. Jentrix alikuja peke yake, bila kanzu, akamwosha na kumvisha gauni lake la kijani. Alimwambia Phanuel kwamba hakutumwa na mtu na kwamba hatasafiri kwenda mazishini.

"Mama Alvin, asante," Phanuel alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Usiniambie asante," Jentrix alisema. "Mimi ndiye nilipeleka ile simu."

Siku iliyofuata Wakarima alikwenda Soweto West kutoa rambirambi. Karatasi ya pili, ile yenye ukuta mweusi na nguzo ndani yake, ilikuwa juu ya kabati, haijakauka vizuri. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Alipoulizwa baadaye alikubali kwamba alisema hivi: "Phanuel, hii ndiyo picha bora kuliko zote umewahi kuchapa." Alikubali pia kwamba haukuwa wakati wa kusema hivyo. Phanuel alimwomba asiipige picha, naye akarudisha simu mfukoni.

Phanice alizikwa nyumbani kwao kijijini, Shinyalu, Jumamosi, tarehe 27 Julai, saa nane mchana. Ibada iliongozwa na mchungaji wa kanisa jingine la jirani, aliyesoma jina la marehemu kutoka kwenye karatasi na kulikosea mara moja. Hapakuwa na ngoma. Watu wa nyumbani walifukia kaburi kabla ya mvua kuanza, wakaenda kunawa mikono.